Ukiitwa kwenye ajira ya kudumu Cibitoke: usifunge maamuzi mawili kwa kamba moja

Huenda simu ya namna hii imekufikia wewe, au imemfikia jirani yako. Ndugu aliyeko Bujumbura anakwambia kuna nafasi ya kazi Cibitoke: zahanati, shule binafsi, ghala, au ofisi ya shirika. Anasisitiza kwamba si kibarua, ni ajira ya kudumu, na kwamba wanamtaka mtu mwezi ujao. Wewe uko kambini na kazi ya motisha, au na mkataba wa miezi michache ambao hata msimamizi wako hajui kama utaongezwa.

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini wazee haohao walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Misemo yote miwili ni ya kweli, na ndiyo maana swali hili linawakosesha watu usingizi. Makala hii haikuambii urudi wala haikuambii ubaki. Inakuonyesha unachokibadilisha na kitu gani, ili ukisema ndiyo au hapana, uwe umesema ukijua.

Kwa nini swali hili limekuwa kubwa sasa

Tuanze na mkataba ulio nao. Sehemu kubwa ya kazi za kambini zinategemea miradi. Mfadhili anatoa fedha, UNHCR au shirika jingine linazipokea, kisha linasaini makubaliano na mashirika yanayotekeleza kazi: afya, elimu, maji, ulinzi wa watoto. Makubaliano hayo mara nyingi ni ya mwaka mmoja. Mkataba wako hauwezi kuwa mrefu kuliko fedha zinazoulipa. Meneja anapokuambia "tutaona Januari", si lazima awe anakuficha kitu. Naye anasubiri jibu kutoka juu.

Mwaka 2025 jibu hilo lilikuwa gumu. Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai shirika la USAID lilifungwa rasmi kama chombo kinachojitegemea. Marekani ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa shughuli za wakimbizi duniani. Mwezi Juni mwaka huohuo UNHCR ilitangaza kufuta takriban nafasi 3,500 za kazi. Hizo ni nafasi za waajiriwa wa UNHCR yenyewe. Ukiongeza watu wa mashirika washirika, na wakimbizi wanaofanya kazi za motisha chini yao, utaelewa kwa nini ofisi uliyoizoea sasa ina meza tupu. Hata kabla ya hapo dalili zilikuwepo: Juni 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilishusha mgao katika kambi za Tanzania hadi nusu ya kiwango kamili.

Upande wa pili kuna msukumo wa kurudi. Kurudi kwa hiari kwa Warundi kutoka Tanzania kulianza kupangwa Septemba 2017, na tangu hapo zaidi ya watu 200,000 wamerudi Burundi kutoka nchi mbalimbali kwa utaratibu huo. Agosti 2019 serikali za Tanzania na Burundi zilikubaliana kuharakisha jambo hilo, na kambi ya Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Masoko yamebanwa, na ruhusa za kutoka kambini zimekuwa ngumu.

Kwa hiyo ahadi ya kazi inakukuta ukiwa umechoka na huna uhakika. Ukiwa katika hali hiyo, ahadi yoyote inayotaja neno "kudumu" hung'aa kuliko thamani yake. Anayekupigia si lazima awe anakudanganya. Unachotakiwa ni kuipima ahadi kwa kipimo kilekile ambacho ungekitumia kama usingekuwa na hofu.

Haya ni maamuzi mawili

Mkazi wa kawaida wa Dar es Salaam au Nairobi anayeacha mkataba wa muda kwa ajira ya kudumu anafanya uamuzi mmoja. Kazi mpya ikivunjika baada ya miezi mitatu, anaumia, anakopa, anatafuta nyingine. Bado yuko nchini kwake, na kitambulisho chake ni kilekile.

Wewe unafanya maamuzi mawili kwa mpigo. La kwanza ni kubadilisha kazi. La pili ni kurudi nchini na kuacha hadhi ya ukimbizi. La kwanza unaweza kulirekebisha. La pili si rahisi kulirekebisha.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, katika kifungu chake cha 1, sehemu C, unasema hadhi ya ukimbizi hukoma pale mtu anapojiweka tena kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake, au anapokwenda kuishi tena kwa hiari katika nchi aliyoikimbia. Ukisaini fomu ya kurudi kwa hiari na kuvuka mpaka na msafara, jina lako linatoka kwenye daftari la kambi. Kadi ya mgao inaishia hapo. Nyumba uliyojenga kwa matofali yako inapewa mwingine au inabomolewa.

Wapo wanaosema, "Mambo yakiharibika nitarudi Kigoma kama mwaka 2015." Hapa ni lazima tuwe wakweli. Mwaka 2015 na 2016 Mrundi aliyefika mpakani alitambuliwa kuwa mkimbizi kwa pamoja na wenzake, bila kuhojiwa mmoja mmoja. Tanzania iliacha utaratibu huo kwa Warundi tarehe 20 Januari 2017, na Uganda ikaacha Juni mwaka huohuo. Tangu hapo anayefika anatakiwa kueleza kesi yake binafsi. Anayefika mara ya pili ataulizwa kwanza kwa nini alirudi kwao kwa hiari. Haki ya kuomba hifadhi bado ipo, na hakuna anayeruhusiwa kukurudisha mahali ambapo maisha yako yako hatarini. Lakini mlango uliokuwa wazi mwaka 2015 sasa ni mwembamba sana.

Kwa sababu hiyo, jiulize swali moja kabla ya mengine yote: kama kazi hii isingekuwepo, je, ningekuwa tayari kurudi Burundi mwaka huu?

Kama jibu ni ndiyo, kwa maana umeshaangalia usalama wako, familia yako na mahali pa kulala, basi kazi ni heri juu ya heri. Kama jibu ni hapana, na kinachokuvuta ni kazi peke yake, basi umeweka ukimbizi wako rehani mikononi mwa mwajiri ambaye hajakuona uso kwa uso. Mwajiri anaweza kufunga duka. Mkurugenzi anaweza kubadilika. Hakuna mkataba wa kazi, hata uwe mzuri namna gani, uliotengenezwa kubeba mzigo wa namna hiyo.

Hapa ndipo Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unakuhusu. Kifungu chake cha 5 kinasema kurudi lazima kuwe kwa hiari katika kila hali, na kwamba hakuna mkimbizi atakayerudishwa kinyume cha matakwa yake. Hiari maana yake ni kuchagua ukiwa na habari kamili. Mtu anayerudi kwa ajili ya ahadi ya simu hana habari kamili.

"Kudumu" maana yake nini Burundi

Bujumbura watu hutumia herufi za Kifaransa: CDD ni mkataba wa muda maalum, na CDI ni mkataba usio na tarehe ya mwisho. Sheria inayosimamia mambo haya ni Kanuni ya Kazi, iliyofanyiwa marekebisho makubwa kwa sheria ya tarehe 24 Novemba 2020. Ndugu anapokuambia "kazi ya kudumu" anamaanisha CDI, au anadhani ni CDI.

CDI si ahadi kwamba kazi haitaisha. Ni mkataba ambao haukuandikwa tarehe ya kuisha. Mwajiri bado anaweza kuuvunja akiwa na sababu na akifuata taratibu za notisi. Faida yake ni kwamba hawezi kunyamaza tu mpaka tarehe ifike, kama anavyofanya kwenye mkataba wa muda. Lazima aseme, aandike na alipe anachodaiwa. Faida hiyo ni ya kweli, lakini inaanza kukulinda pale tu mkataba uliosainiwa upo mikononi mwako. Kabla ya hapo huna CDI. Una maneno.

Jambo la pili ni mshahara. Usidhani kwamba sheria itakukinga na mshahara mdogo. Kima cha chini cha mshahara Burundi kiliwekwa mwaka 1988: faranga 160 kwa siku Bujumbura na Gitega, na faranga 105 kwingineko. Kwa miongo kadhaa kikabaki hapohapo, na vyama vya wafanyakazi kama COSYBU vimelalamika bila kuchoka. Leo faranga 160 hazinunui chochote cha maana. Kwa hiyo kinachokulinda ni tarakimu iliyoandikwa kwenye mkataba wako, na uwezo wa mwajiri kuilipa.

Jambo la tatu ni thamani ya faranga yenyewe. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kwa mara moja, kutoka takriban 2,090 kwa dola hadi takriban 2,850. Hata baada ya hapo bei ya dola mtaani imeendelea kupanda, na kufikia mwaka 2025 ilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei ya benki. Tufanye hesabu ya mfano. Mwajiri anakuahidi faranga 400,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa bei ya benki, tuseme 2,950, unapata kama dola 135, na unaona umepanda daraja. Ukigawa kwa bei ya mtaani, tuseme 7,000, unapata dola 57. Mafuta ya kupikia, sabuni, dawa na nguo zinazoingia kutoka nje hufuata bei ya mtaani, hazifuati ya benki. Kwa hiyo usilinganishe posho yako ya shilingi za Tanzania na mshahara wa faranga kwa kutumia bei ya benki. Mwambie ndugu yako akutajie bei ya kilo ya mchele, kilo ya maharage, gunia la makaa na kodi ya chumba kimoja. Hesabu kwa hivyo.

Jambo la nne ni mwajiri mwenyewe. Uhaba wa fedha za kigeni umebana viwanda na maduka yanayotegemea bidhaa za nje. Uhaba wa mafuta ya gari umeendelea kwa miaka, na watu hupanga foleni kwa siku. Mwajiri anayeagiza dawa, vipuri au saruji kutoka nje anaweza kuwa mtu mwema na bado akashindwa kukulipa. Mashirika nayo hayako salama: Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wake wa moja kwa moja kwa serikali ya Burundi Machi 2016, na uliondoa zuio hilo Februari 2022 tu. Kama "ajira ya kudumu" unayoahidiwa iko ndani ya shirika linaloishi kwa mradi, umetoka kwenye mradi na kuingia kwenye mradi. Herufi za mkataba zimebadilika, lakini chanzo cha fedha ni kilekile.

Na kumbuka jambo moja linalowashangaza wengi waliokaa kambini muda mrefu. Walimu na madaktari wa serikali ya Burundi wana ajira ya kudumu kabisa, na bado vyombo vya habari vya Burundi vimeripoti mara kwa mara kuhusu wale wanaoacha na kwenda nje kutafuta mshahara unaotosha. Hao wanaokimbia ajira ya kudumu ndio wanaokuonyesha kwamba jina la ajira halilishi watoto.

Cibitoke ipi?

Swali hili linaonekana dogo, lakini limekuwa muhimu. Burundi ilipunguza mikoa yake kutoka 18 hadi 5, na mabadiliko hayo yalianza kutumika pamoja na uchaguzi wa Juni 2025. Mkoa wa zamani wa Cibitoke, ule wa bonde la Rusizi karibu na Rugombo na mpaka wa Kongo, sasa umo ndani ya mkoa wa Bujumbura. Kwa hiyo barua inayosema "Cibitoke, Bujumbura" inaweza kumaanisha mtaa wa Cibitoke wa jijini, katika komini ya Ntahangwa, jirani na Mutakura na Ngagara. Inaweza pia kumaanisha Cibitoke ya kaskazini-magharibi, zaidi ya kilomita 50 kutoka jijini. Kazi mbili hizo haziko mahali pamoja, na hali ya usalama ya mpakani si sawa na ya jijini. Rugombo ndiko walikopokelewa maelfu ya Wakongomani waliovuka mto mwaka 2025 baada ya M23 kuingia Goma na Bukavu. Mwulize mwajiri: komini gani, mtaa gani, jengo gani.

Kama ni Cibitoke ya jijini, wengi wenu mnaijua kuliko mwandishi yeyote. Mtaa huo ulikuwa kati ya vitovu vya maandamano ya Aprili na Mei 2015, na tarehe 11 na 12 Desemba mwaka huohuo ulikuwa kati ya mitaa iliyopoteza watu baada ya kambi za kijeshi kushambuliwa. Waliokimbia Cibitoke hawakukimbia kwa sababu moja, na hawarudi kwa hali moja. Jirani yako anaweza kurudi kesho na kulala kwa amani, na wewe usiweze, kwa sababu ya jina lako, la kaka yako, au la chama ulichokuwa nacho. Kwa hiyo "fulani amerudi na anafanya kazi vizuri" ni habari njema kuhusu fulani. Bado hujapata habari kuhusu wewe.

Kuna pia mambo ya kila siku. Kama kazi iko katikati ya mji, kumbuka kwamba mwaka 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli za abiria zilizuiwa kuingia katikati ya Bujumbura, na mabasi yanategemea mafuta yasiyopatikana kwa urahisi. Wafanyakazi wengi hutembea kwa miguu asubuhi na jioni. Kama nyumba yenu ya zamani inakaliwa na mtu mwingine, hesabu kodi ya nyumba tangu mwezi wa kwanza. Mshahara wa kwanza utakuja mwisho wa mwezi, na mwenye nyumba hatasubiri mpaka siku hiyo.

Maswali ya kumuuliza mwajiri

Mwajiri wa kweli hakasiriki akiulizwa. Mwombe majibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu unaoweza kuuhifadhi.

1. Ni nani anayeniajiri? Jina kamili la kampuni, shule au shirika, na jina la mtu mwenye mamlaka ya kusaini.

2. Ni CDI au CDD? Kama ni CDI, muda wa majaribio ni miezi mingapi, na mshahara wa kipindi hicho ni kiasi gani? Miezi ya majaribio ndiyo mwajiri anaweza kuachana na wewe kwa urahisi zaidi, na ndiyo miezi ambayo wewe utakuwa umeshafuta kadi yako ya kambini.

3. Mshahara ni kiasi gani kabla na baada ya makato? Je, nitaandikishwa kwenye hifadhi ya jamii, INSS, tangu mwezi wa kwanza? Kazi ya kudumu isiyo na makato ya hifadhi ya jamii ni dalili kwamba haijasajiliwa popote.

4. Fedha za mshahara zinatoka wapi: mauzo, ada za wanafunzi, au mfadhili? Kama ni mfadhili, mradi unaisha lini?

5. Ni nani alikuwa kwenye nafasi hii kabla yangu, na aliondoka kwa nini? Kama inawezekana, ongea naye.

6. Mnahitaji karatasi gani? Waliosoma shule za kambini kwa mtaala wa Burundi wana nafuu, lakini bado ulizia kama vyeti vyako vitatambuliwa au vinahitaji kuthibitishwa wizarani. Uliza pia kama utaanza kazi kabla kitambulisho chako cha taifa hakijatoka.

7. Je, mko tayari kuniandikia barua ya ajira yenye tarehe, mshahara na saini kabla sijaondoka huku?

Akikataa swali la saba, umeshajibiwa. Akikuomba pesa "ya kushika nafasi" au "ya kufungua faili", kata simu. Kazi halali hainunuliwi kwa njia hiyo.

Ukiamua kuondoka, ondoka na karatasi zako

Watu wengi huondoka kambini haraka na kuacha nyuma ushahidi wa miaka yao ya kazi. Usifanye hivyo. Kama una mkataba rasmi wa ajira chini ya sheria ya Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi ya angalau siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi mwisho wa ajira. Kama ni kazi ya motisha, soma ulichosaini. Mara nyingi malipo hayo hayaitwi mshahara, na hayana makato ya hifadhi ya jamii wala kiinua mgongo. Hata hivyo una haki ya kuomba barua inayosema ulifanya kazi gani, kwa muda gani, na nani alikuwa msimamizi wako. Iombe wakati msimamizi huyo bado yupo, maana naye mkataba wake unaweza kuisha kabla ya wako.

Beba vyeti vya mafunzo, kadi za chanjo za watoto, ripoti za shule, vyeti vya kuzaliwa na karatasi za matibabu. Piga picha za kila kimoja na umtumie mtu unayemwamini.

Kabla ya kujiandikisha kurudi, nenda kwenye dawati la ulinzi na uulize mambo matatu. Je, kuna ziara ya kwenda kuona hali na kurudi bila kupoteza hadhi? Je, familia inaweza kusafiri kwa awamu, au wote lazima watoke pamoja? Je, msaada wa kurudi kwa sasa ni kiasi gani, na unatolewa wapi? Kwa miaka mingi msaada huo umekuwa fedha pamoja na chakula cha miezi mitatu. Miezi mitatu ndiyo muda ambao mwajiri wako mpya atakuwa bado anakujaribu. Tumia msaada huo kana kwamba mshahara wa kwanza utachelewa.

Usiondoke kwa siri kwenda "kujaribu kwanza" bila kibali. Ukikamatwa nje ya kambi unaweza kupoteza kazi ya huku kabla ya kuipata ya kule, na safari hiyo yenyewe inaweza kutumika kama hoja kwamba huhitaji tena ulinzi.

Kwa msomaji Mkongomani aliyeko Bujumbura

Nyinyi mnaoishi Cibitoke, Kinama au Buyenzi kama wakimbizi kutoka Kongo, swali lenu ni tofauti. Kuacha mkataba kwa ajira ya kudumu hapohapo Bujumbura hakuondoi hadhi yenu. Kwenu kikwazo kiko kwenye haki ya kufanya kazi. Burundi ina sheria yake ya hifadhi na ulinzi wa wakimbizi ya tarehe 13 Novemba 2008, na ofisi inayoisimamia ni ONPRA. Lakini katika mikataba ya kimataifa Burundi iliweka sharti kwamba kifungu cha 17 cha Mkataba wa 1951, kinachohusu kazi ya kuajiriwa, inakichukua kama pendekezo tu. Kwa hiyo kabla ya kuacha kibarua kinachokulisha, hakikisha mwajiri mpya anajua kwamba wewe ni mkimbizi na yuko tayari kukuandikisha hivyo, kwa jina lako la kweli. Mkataba uliosainiwa kwa jina la kuazima hautakusaidia siku utakapougua au utakapofukuzwa.

Wakati gani useme ndiyo

Kuna wakati jibu sahihi ni kwenda. Kama ulishaamua kurudi kwa sababu zako mwenyewe. Kama barua ya ajira iko mkononi, na umethibitisha mahali, mwajiri na mshahara. Kama mshahara huo, ukihesabiwa kwa bei za soko, unalipa chumba, chakula na shule. Kama mkataba wako wa sasa unaisha na hakuna dalili ya kuongezwa. Mtu mwenye mambo haya manne hana sababu ya kuendelea kusubiri kambini eti kwa kuwa amezoea. Miaka ya kusubiri nayo ina gharama, na watoto hawasubiri kukua.

Na kuna wakati jibu sahihi ni kusema, "Asante, bado." Kama kinachokosekana ni karatasi tu, mwambie ndugu yako aifuatilie. Kama kinachokosekana ni usalama wako, hakuna mshahara utakaoufidia, na hupaswi kumwonea mtu haya kwa kulisema hilo. Ndugu anaweza kukasirika kwamba amekutafutia kazi na umeikataa. Mweleze kwamba hukuikataa kazi. Umekataa kufanya maamuzi mawili siku moja.

Kabla hujampigia simu ya kumjibu, kaa na watu wa nyumbani kwako, na mwenzi wako awe wa kwanza kusema. Chukueni karatasi mbili. Kwenye moja andikeni sababu za kurudi Burundi bila kuitaja kazi. Kwenye nyingine andikeni sababu za kuichukua kazi bila kuutaja usumbufu wa kambini. Kama karatasi ya kwanza imebaki tupu, simu inaweza kusubiri.